Ishirini na Mbili

Kiwanda kilichoizaa kimeshafungwa.
Hilo Kapela aliniambia kabla sijakaa,
kama mtu anayeuza ng'ombe akaanza na ila:
"Springi hazipatikani. Magazini ni hii moja.
Ikianguka kwenye saruji ikapinda mdomo,
utabaki na nyundo ya bei kali."

Nikaishika. Nzito kuliko nilivyodhani.
Mbao za mpini zimeng'aa kwa jasho la mtu mwingine,
gumba lake limechimba kibonde,
na langu halikuenea mle.

Nyumbani, Nyanzobe aliuliza mara moja tu,
anapepeta mchele, hakuinua uso:
"Unamwogopa nani?"

Simwogopi mtu.
Miaka thelathini na moja stesheni ya Tabora
nimeinua bendera, nimeshusha bendera,
magari ya Kigoma, ya Mpanda, ya Mwanza,
kila nilichokitazama kilikuwa kinaondoka.
Sasa nataka kitu kinachosimama pale pale
mpaka nikifikie.
Nataka karatasi.

"Karatasi," akasema, akapuliza makapi.

Miezi mitano ya kibali.
Mtendaji wa kata ya Isevya kuthibitisha kwamba silewi,
alama za vidole, picha ndogo nne,
"njoo Jumatatu," "bosi yuko semina,"
sanduku la chuma, kufuli mbili,
na kiinua mgongo kinapungua kimyakimya
kama mafuta kwenye chemli.

Siku ya kukabidhiana, mbele ya afande,
Kapela alitoa na daftari la mistari.
Kila Jumamosi aliyopiga imo, tangu sabini na tisa:
upepo, mita, alama.
Tisini na moja. Themanini na nane. *Malaria, 40.*
Kurasa za mwisho mwandiko umevimba,
namba zimeanza kupanda juu ya mistari.
Duara jeusi, alisema, siku hizi analiona
kama wino uliomwagikiwa maji.
"Chukua na hili. Wanangu watafungia karanga."

Akanifundisha jambo moja, pale pale kaunta:
"Risasi hii haipigwi katikati.
Baruti yake ya kuwashia imeshika ukingoni
kama uji ulioganda kandokando ya sufuria.
Pini inagonga ukingo. Usifyatue tupu,
pini itajitafuna kwenye chuma,
na nyingine, rafiki yangu, sijui utaipata wapi."

Jumamosi, uwanja wa shabaha,
nyuma yake tuta la udongo wa vichuguu,
kisha miyombo, kisha miyombo tena.
Koplo Nyamizi akanipanga miguu kwa ncha ya kiatu chake.
Haingurumi, bastola hii.
Inakohoa kavu, kama kuni ya mninga jikoni.
Tano za kwanza zote kushoto, chini,
moja haikugusa hata karatasi.

"Imepinda," nikasema.
"Bastola?" akauliza Koplo.
Akaichukua, akapiga mbili,
matundu mawili yanagusana kama macho ya panya.
Akanirudishia bila neno.

Nikapumua. Nikasahau kuvuta, ikaondoka yenyewe.
Nane. Saba. Nane. Kisha
tik.

Hakuna kitu.
"Usiigeuze! Mtutu mbele! Hesabu thelathini."
Nikahesabu. Ndege mmoja alirudi kwenye tuta,
akadonoa, akaondoka.
Nikaitoa: risasi nzima, na jeraha dogo ukingoni.
Mkono ulishaenda kwenye kopo la mbovu
Koplo akanizuia: "Izungushe kidogo, irudishe.
Labda baruti imelala upande wa pili."

Nikaizungusha. Nikairudisha.
Ikaitika.

Jioni nilifungua daftari,
nikapiga mstari chini ya namba ya mwisho ya Kapela,
nikaandika kwa herufi za stesheni, wima:
*Upepo hafifu. Mita 25. Alama 61.*
Nyanzobe akaiinua karatasi kwenye taa,
mwanga ukampitia usoni kwa vitone.
Akahesabu kwa kidole.
"Mengine yako wapi?"
"Tutani," nikasema.
Akacheka mpaka akaweka ungo chini.